Shingo ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na mimi nimeanza kazi, vyote siku moja. Nimefika hospitalini viatu vimejaa maji, nikapokelewa na mkuu wa chumba cha eksirei, mama mpana mwenye sauti nyembamba ambaye hospitali nzima, hadi mganga mkuu, humwita Shangazi. Aliniuliza chuoni nilipenda kupiga picha sehemu gani ya mwili. Nikasema kifua.

"Kila mgeni anapenda kifua," akasema. "Kifua hakina ukorofi. Wewe utaanza na shingo."

Kisha akanivuta mpaka dirisha la nyuma. Nje kuna chumba kipya kinajengwa. Kuta tatu zimesimama, ya nne haipo. Nikauliza kama mafundi wamekimbia. Shangazi akacheka. Humo itaingia MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za vitu laini ambavyo eksirei haivioni, na hakuna mlango unaoweza kuipitisha, kwa hiyo ukuta utajengwa ikishakuwa ndani. Mmoja wetu atafundishwa kuiendesha.

Tangu hapo moyo haujatulia. Mke wangu ananiuliza nacheka na nani.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe hanipendi. Naliandika hapa kwa kuwa mke wangu hataki kulisikia.

Tunaishi kwake mpaka tupate nyumba. Yeye ni msusi. Chumba cha mbele ndicho saluni yake, na wateja wanamwita Mama Vidole kwa jinsi vidole vyake vinavyokimbia kichwani mwa mtu. Kwa wateja ni mcheshi. Kwangu ni mkavu kama kuni. Nikimpa kitu kwa mikono miwili, kama inavyompasa mkwe, hakipokei. "Weka pale," anasema, mikono ameificha ndani ya mtandio. Leo nilimpelekea chai, akaipokea kwa mara ya kwanza, nikafurahi, halafu kikombe kikaanguka na kuvunjikia miguuni pangu. Alinitazama tu kama vile mimi ndiye niliyekisukuma, akaingia chumbani.

Wateja amewaambia mkwe wake ni mpiga picha. Mmoja alinifuata kuniuliza kama napiga na za harusi.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeijua kazi yangu.

Asubuhi aliletwa fundi wa mabati aliyeteleza juu ya paa lililolowa. Jitu la miraba minne, kola ngumu ya kuzuia shingo isicheze, amelazwa kwenye ubao, analalamika kwamba anachelewa kazini. Nikapiga picha ya ubavu. Ikatoka safi. Pingili zimepangana vizuri, mstari wa mbele hauna kona, wa nyuma hauna kona. Nikaridhika. Nikampelekea daktari bingwa wa uti wa mgongo, ambaye amehamishiwa kwetu kwa ajili ya ile mashine inayokuja. Watu wanamwita Daktari Polepole. Huongea kama anayetafuta kila neno mfukoni.

Akaitazama, akaitazama. "Ya saba," akasema, "iko wapi?"

Shingo ina pingili saba. Nilikuwa nimepiga sita. Ya saba ilikuwa imemezwa na kivuli cha mabega ya yule bwana. Nilisikia masikio yanawaka.

"Usione haya," akasema daktari. "Ya saba huwaponyoka wengi. Lakini shingo ambayo hujaiona yote, hujaiona."

Tukamvuta mikono taratibu kuelekea miguuni ili mabega yashuke. Bado. Ndipo Shangazi akanifundisha mkao wa mwogeleaji: mkono mmoja juu kando ya kichwa, mwingine chini kando ya mwili, kama mtu anayekata maji, na mionzi inapita katikati ya mabega mawili. Kola haifunguliwi, kichwa hakisogezwi. Nilishika pumzi kuliko mgonjwa.

Picha ikajitokeza kwenye kioo. Pingili ya saba ilikuwa imevunjika na kusogea mbele ya ile ya chini yake, kama tofali lililopangwa na fundi mlevi. Daktari akamwinamia mgonjwa. "Bwana, leo huendi kazini."

Yule jamaa akaigusa kola kwa kidole. Kisha akauliza, je, kama wangemwacha anyanyuke?

"Hilo hatutalijua," akasema daktari. "Na ni heri."

Nimerudi nyumbani nikitembea mvuani, mwavuli nimeubana kwapani bila kuufungua, kidole changu kikitafuta pingili ya saba shingoni mwangu mwenyewe. Ndiyo ile inayochomoza nyuma ukiinama. Nimekaa nayo miaka yote bila kufahamiana.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kutwa. Nimemweleza mke wangu habari za pingili mpaka akaniomba nile kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika bado nimevaa viatu vya kazini.

Kila Ijumaa mchana Daktari Polepole hutufundisha. Leo alitundika picha za shingo zilizochakaa. Alisema pingili zimetobolewa katikati, na kwenye tundu hilo unapita ugwe, ile kamba laini ya neva inayotoka kwenye ubongo kupeleka amri mwilini. Mtu anapozeeka, mito laini kama ya kulalia iliyo kati ya pingili hubonyea, mifupa huota vinundu, na njia ya ugwe huwa nyembamba. Wengine hawapati shida yoyote. Wengine ugwe wao huanza kubanwa.

"Anaanza kudondosha vitu," akasema. "Vifungo vinamshinda. Anatembea kama mtu anayepita juu ya godoro. Haumwi sana, ndiyo maana haji. Anadhani ni uzee. Na watu wa nyumbani kwake..." hapo akatafuta neno muda mrefu, "watu wa nyumbani wanadhani ni hasira."

Nikakiona kikombe kinaanguka.

Nilirudi mbio. Mama mkwe alikuwa saluni, amekaa, na mke wangu ndiye aliyekuwa amesimama nyuma ya mteja akisuka. Nilidhani anamsaidia tu. Mteja alipoondoka nikamvuta mke wangu jikoni nikamuuliza tangu lini.

Akatazama mlango kwanza. "Tangu kabla ya mvua. Ananiachia mistari midogo. Anasema macho yamechoka."

"Siyo macho."

"Najua siyo macho. Ananikataza kusema."

Halafu nikamsikia mama mkwe akipita ukumbini. Mkono wake ulikuwa unateleza ukutani, kutoka mlango hadi mlango. Ukutani pana alama ya mafuta ya nywele, mstari mmoja mrefu usawa wa kiuno chake. Nimeupita mstari huo kila siku nikidhani ni uchafu.

Hanichukii. Anaificha mikono yake. Mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye angependa ajue.

Jumamosi, 22 Machi

Nimezungumza naye. Nilikaa mbali, macho chini, nikaanza kwa habari za mvua. Nikafika kwenye shingo kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kwa hiyo umekuwa ukinipeleleza nyumbani kwangu."

"Hapana, mama. Nimekuwa nikikosea kukuelewa."

Akavirudisha vidole ndani ya mtandio.

"Mama, ukiinamisha kichwa, kuna kitu unakisikia?"

Hapo uso wake ukabadilika. Alikuwa hajamwambia mtu. Akiinama kuosha kichwa cha mteja, kitu kama shoti ya umeme kinamshuka mgongoni mpaka miguuni. "Nilidhani ni waya wa mashine ya kukaushia," akasema. "Nimemwita fundi umeme mara mbili. Amekunywa chai yangu bure."

Tulicheka wote wawili. Halafu akakumbuka nani anacheka naye, akajikaza. "Lakini nikuvulie kilemba wewe, mkwe wangu, unishike shingo? Hilo sahau."

Nikamwambia yupo Shangazi. Akasema ataangalia.

Jumanne, 25 Machi

Amekuja. Amevaa nguo yake ya sherehe, na ameniambia nisimkaribie mbele za watu.

Shangazi ndiye aliyempanga. Mimi nilibaki nyuma ya kioo chenye madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Mbele, ubavu, na ile ya mdomo wazi inayoonyesha pingili mbili za juu. Nilizihesabu saba, nikaongeza na ya kwanza ya kifua chini yake kwa usalama. Na kati ya ya tano na ya sita nikakiona: nafasi imesinyaa, mifupa imeota midomo kama ndege wawili wanaozozana. Niliruka.

"Nimeupata ugonjwa," nikamwambia Shangazi.

"Umepata nyumba iliyozeeka," akasema. "Mwenye nyumba hujamwona. Hii ni eksirei, mwanangu. Inaonyesha mfupa. Ugwe haumo humu."

Daktari Polepole akampima mwenyewe. Akamwomba alegeze mkono, akauchukua ukucha wa kidole cha kati, akaubinya na kuuachia ghafla. Kidole gumba cha mama mkwe, ambacho hakuna aliyekigusa, kikajikunja chenyewe. Akarudia. Kikajikunja tena. Mama mkwe alikitazama kama mtoto wa jirani aliyeingia bila kubisha hodi.

Daktari akasema anaamini ugwe umebanwa, lakini hawezi kupasua kwa kuamini. Anahitaji picha ya sumaku imwonyeshe umebanwa wapi na kwa kiasi gani. Hospitali yenye MRI iko safari ya kutwa nzima, na mto umekata barabara. Yetu inakuja.

"Lini?" nikauliza.

Akatazama dirishani, kwenye uwanja uliojaa maji.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Mashine iko njiani. Mama ameacha nguo zenye vifungo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Mashine bado iko njiani. Leo mama kaniita nimwokotee chanuo kwa mara ya tatu, na safari hii hakuangalia pembeni.

Jumanne, 8 Aprili

Imefika. Mto ulishuka kwa usiku mmoja, lori likavuka, asubuhi ukajaa tena.

Lori lilipoonekana getini wagonjwa wote wenye miguu walitoka barazani, na wenye magongo nyuma yao. Magurudumu ya nyuma yakazama kwenye tope palepale getini, likakaa limeinama upande kama mlevi aliyeegemea nguzo. Fundi wa sumaku, bwana mfupi aliyetumwa pamoja na mashine, akalizunguka mikono kichwani. Alisema haitakiwi kuinama zaidi ya hapo.

Kilichofuata sikutegemea kukiona hospitalini. Mganga mkuu akavua viatu. Daktari Polepole akakunja suruali. Wapishi wakaleta majembe na mbao za kuni, wafua nguo wakaleta magunia, Shangazi akasimama juu ya ngazi akiamrisha kwa ile sauti nyembamba, na sisi tukaingia kwenye tope mpaka magotini. Tulichimba, tukapanga mbao, tukachimba tena. Lori likaguna, likatoka. Shangwe iliyopigwa iliwaamsha mpaka waliolazwa.

Kreni iliyofuatana na lori ikainyanyua mashine, duara jeupe kubwa kuliko chumba chetu cha kulala, ikapita taratibu juu ya vichwa vyetu na mvua ikiipiga, ikaingia kwenye ukuta usiokuwepo. Ilipotua sikusikia hata mlio. Nilimtazama Shangazi, machozi au mvua, sijui.

Halafu akanigeukia. "Utaanza mafunzo na fundi kesho. Usinishukuru. Mimi magoti hayaniruhusu."

Jumapili, 13 Aprili

Kazini hata leo. Ukuta umefungwa, chumba kimevishwa shaba pande zote ili mawimbi ya nje yasiingie. Fundi wa sumaku ni mkali kuliko mwalimu yeyote niliyemjua: funguo nje, simu nje, mkanda nje. Sumaku haizimwi, haipumziki, haina msamaha.

Leo tumepiga picha ya kwanza. Siyo ya mtu: ya nanasi. Baada ya kupima vyombo vyake vyote, fundi akaliweka nanasi kitandani, akanipisha kwenye kiti. Nikabonyeza. Mashine ikagonga, ikanguruma, ikagonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo. Kisha nanasi likatokea kwenye kioo, limekatwa vipande bila kisu, kila tundu la maji linang'aa. Shangazi akaita watu waje kulitazama. Tukamaliza kwa kulila.

Mashine iko tayari, ila haijafunguliwa rasmi. Utepe mwekundu umeshafungwa mlangoni. Wakubwa wa kuukata watakuja barabara ikifunguka. Barabara haifunguki.

Mama mkwe sasa hushuka kitandani kwa kushikwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kabla hayajaniponyoka.

Asubuhi, mke wangu ameshakwenda shuleni kufundisha, nilisikia kishindo jikoni. Mama mkwe alikuwa sakafuni, ameteleza kwenye maji yaliyovuja toka darini, paji la uso limegonga ukingo wa meza. Alikuwa na fahamu. "Nimeanguka tu," akasema. "Nipe mkono." Kisha akasema tena, taratibu, "Mikono yangu iko wapi?"

Ilikuwa palepale, juu ya tumbo lake. Haikumtii. Miguu ilikuwa inasogea. Mikono ilikuwa imelala.

Sikumnyanyua. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kumnyanyua. Nilipiga magoti kwenye maji, nikakishika kichwa chake pande mbili kisisogee, nikampigia kelele jirani aite gari la hospitali. Tulikaa hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mama mkwe wangu.

"Samahani, mama," nikasema.

"Shika vizuri," akasema.

Hospitalini, kola na ubao. Eksirei: mkao wa kawaida haukutosha, nikampiga wa mwogeleaji, mikono yangu ikijua njia yenyewe. Saba zote. Hakuna iliyovunjika. Nilitaka kushangilia. Daktari Polepole akatikisa kichwa.

"Mifupa haikuvunjika," akasema, "lakini njia ilikuwa nyembamba tayari. Shingo iliporudi nyuma, ugwe umefinywa." Hakuongea polepole. "Nataka sumaku. Sasa."

Fundi akasema mashine imepimwa, iko salama, lakini yeye hana ruhusa ya kuifungua. Mganga mkuu akaitwa. Alisimama mbele ya ule utepe, akautazama, akamtazama mama mkwe kwenye machela. Kisha akauinua kwa mkono mmoja, kama mtu anayeinua kamba ya kuanikia nguo. "Piteni chini," akasema. "Wakija, watakata tu."

Shangazi akamkagua. Hereni, mkufu, vibanio vya nywele. Kisha akamvua gauni, na kwenye ukosi wa gauni hilo, pale msusi anapoichomeka akiwa kazini, akakuta sindano ya kushonea nywele. Akaniletea kiganjani. Sumaku ingeivuta kama mshale; niliifungia kwenye droo ya koridoni.

Likabaki jambo moja. Mgonjwa hupewa mpira wa kubonyeza mkononi. Akizidiwa anaubonyeza na sisi tunasimamisha. Fundi akamwekea. Ukadondoka. Akamwekea tena. Mama mkwe akaukazia macho, vidole visijikunje.

"Siingii kwenye tundu ambalo siwezi kuita mtu," akasema. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaogopa, na nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa.

Nikamwambia sumaku haina mionzi. Mtu mzima asiye na chuma mwilini anaweza kukaa ndani ya chumba. "Nitakaa nawe. Miguu yako itakuwa nje ya tundu. Nitaushika mmoja. Ukinitaka, tikisa kidole cha mguu."

Akaligeuzia macho lile tundu, kisha mimi. "Mkwe wangu atanishika mguu."

"Ndiyo, mama."

"Basi shika. Na usimwambie mtu."

Nikavua mkanda, nikaziba masikio, nikakaa mwisho wa kitanda nimeushika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi, na ngozi ya kisigino ni ya mtu aliyefanya kazi kwa kusimama maisha yake yote. Mashine ikaanza. Kila ilipotulia kati ya picha na picha, sauti yake ilitoka ndani ya tundu:

"Upo?"

"Nipo, mama."

Mlio ukaanza tena. Kidole hakikunitikisia hata mara moja. Alitulia kuliko nanasi. Picha zilitoka bila ukungu wowote.

Nilipotoka, Shangazi alikuwa ameshika mdomo mbele ya kioo. Ulikuwepo: ugwe, utepe wa kijivu unaoshuka katikati ya maji meupe. Juu umenyooka, chini umenyooka. Kati ya pingili ya tano na ya sita umebonyezwa na mto uliotoka mahali pake mpaka umekuwa kama uzi, na ndani yake kuna doa jeupe la jeraha. Kitu chote kilichokuwa kimetukalia nyumbani tangu mvua ianze, vikombe, vifungo, mstari wa ukutani, kilikuwa pale, kidogo kuliko kucha.

Daktari Polepole aliweka kidole kwenye kioo. "Napajua sasa pa kuingilia," akasema.

Ijumaa, 18 Aprili

Mke wangu hatoki kando ya kitanda. Daktari ametueleza: atapita kwa mbele ya shingo, autoe ule mto, aweke kipande cha mfupa, afunge kwa bamba na skrubu. Hakuahidi mikono. Aliahidi kuufungulia ugwe njia ili usiharibike zaidi. Kinachorudi, kitarudi.

Mama mkwe akamuuliza, "Wewe mkono wako unatetemeka?"

Daktari akaunyoosha mbele yake. Ukatulia kama ubao wa rafu.

"Nisuke basi," akasema mama mkwe.

Jumanne, 22 Aprili

Upasuaji leo. Shangazi alinituma ndani na mashine ya eksirei ya magurudumu ili daktari ahakikishe ni pingili yenyewe kabla hajakata. Nikapiga. Sindano ya alama ilikuwa kati ya ya tano na ya sita. Nikasema kwa sauti, daktari akarudia kwa sauti, muuguzi akarudia. Sitasahau hesabu hiyo.

Kila kitu kimekwenda vizuri. Nimemkumbatia mke wangu kwenye korido, mbele ya watu, tope la viatu vya kila mtu chini yetu.

Jumatano, 30 Aprili

Amebana kidole changu. Mkono wa kulia. Nimesema aache, ananiumiza, na sikuwa natania.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua inapungua. Mama ametembea toka chumbani mpaka saluni katikati ya ukumbi, mikono hewani, mke wangu nyuma yake ameacha kupumua. Barabara imefunguka. Wakubwa wamekuja, wamekata utepe, wamepiga makofi. Mashine ilikuwa na wagonjwa foleni nzima.

Jumatatu, 9 Juni

Jua. Leo ilikuwa picha ya kuangalia bamba. Shangazi yuko likizo, nikamwambia mama mkwe naweza kumwita muuguzi wa kike ampange. Akanitazama kama vile nimeongea upuuzi. "Panga tu," akasema, akafumba macho, akaniachia kichwa chake.

Mke wangu ndiye aliyenishangaza. Siku zote huingia naye kumvua mkufu. Leo alikataa kuvuka mlango, akabaki koridoni. Sikutilia maanani, mkufu nikauvua mwenyewe.

Bamba limekaa, skrubu zimekaa, mfupa umeanza kushika. Daktari Polepole akamwonyesha picha. Vidole vya kulia vimerudi karibu vyote. Vya kushoto bado vinasuasua na huenda vikabaki hivyo. Anasuka mistari mikubwa, midogo anaigawa. Hilo alimweleza daktari kama mtu anayetoa taarifa ya biashara.

"Hivi vyuma vitabaki humu?"

"Vitabaki, mama."

"Haya." Akaitazama tena picha. "Na shingo hii, daktari, itaweza kubeba mtoto mgongoni?"

Daktari akatafuta maneno yake. Akasema kwa sasa hapana, mfupa bado mchanga. Mwisho wa mwaka, ukishashikana sawasawa, watapiga picha nyingine, na anaamini atamruhusu. "Mtoto yupi lakini?"

"Mwisho wa mwaka," akasema mama mkwe, akihesabu kitu kichwani. "Vizuri, tutakuwa tumewahi." Kisha akaninyooshea kidevu, polepole, kwa shingo yake mpya. "Mtoto wa huyu. Ila naona hajaambiwa."

Nikageuka. Mke wangu alikuwa nje ya mlango, chini ya kile kibao nilichokibandika kwa mikono yangu kinachowaomba wanawake wenye mimba waseme kabla ya kuingia chumba cha mionzi. Amefunika uso, mabega yanacheza kwa kicheko.

Nilikuwa bado nimevaa aproni ya risasi, nzito kama mfuko wa saruji. Nilikimbia nayo hivyohivyo.